Kupanga Nyumba Ujerumani Ukitokea Kisumu au Nakuru: Anza na Chumba Utakachojiandikishia

Anayejiandaa kwenda Ujerumani kutoka Kisumu, Kakamega au Nakuru huwa na hamu moja kubwa: apande ndege akijua nyumba yake iko mtaa gani na ina vyumba vingapi. Hamu hiyo inaeleweka, na ndiyo inayowaponza wengi. Ni vigumu mno kupata nyumba ya kudumu Ujerumani kwa simu ukiwa Kondele au Section 58. Kinachopatikana ukiwa huku ni chumba cha muda, na jambo la kwanza la kuangalia katika chumba hicho si ukubwa wala bei. Ni kama utaruhusiwa kujiandikisha hapo.

Sheria inamtaka kila anayehamia nyumba Ujerumani ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili baada ya kuingia. Shughuli hiyo inaitwa Anmeldung. Ukishajiandikisha ndipo unatumiwa kwa posta nambari ya ushuru yenye tarakimu 11, na mwajiri asipoipata anaweza kukukata ushuru kwa daraja la sita, lenye makato makubwa kuliko yote. Benki nyingi hutaka cheti cha kujiandikisha kabla ya kukufungulia akaunti, na ofisi ya wageni hukitaka inaposhughulikia kibali chako cha ukaaji. Sasa tazama fundo lilivyo. Landilodi wa nyumba ya kudumu anataka kuona mshahara na akaunti, mshahara na akaunti vinataka anwani, na anwani inataka nyumba. Anayeng'ang'ania nyumba ya kudumu kwanza huzunguka hapo miezi, ilhali anayeanza na chumba cha muda chenye karatasi sahihi huanza kulifungua fundo hilo wiki ya kwanza.

Karatasi yenyewe inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Jina ni refu lakini ni ukurasa mmoja tu: jina la anayekupa makao, anwani, tarehe ya kuingia, majina ya wanaoingia, na sahihi. Imekuwa lazima tangu Novemba 2015. Mkataba wa nyumba hauchukui nafasi yake, na ukienda ofisini na mkataba peke yake utarudishwa. Anayeitoa si lazima awe mwenye jengo. Kama umepangishwa chumba na mpangaji mkuu, yeye ndiye anayekupa makao na anaweza kuitia sahihi. Kwa hiyo katika ujumbe wako wa kwanza kabisa uliza: je, naweza kujiandikisha hapo, na utanipa hiyo karatasi? Akikataa, au akisema tutaona, achana naye hata kama chumba ni cha bei ya kutupa. Na usinunue anwani. Wapo wanaouza anwani za kujiandikishia tu bila mtu kuhamia, na sheria inaruhusu faini ya hadi euro 50,000 kwa anayeitoa. Wewe nawe utakuwa umetoa taarifa ya uongo kwa serikali ya nchi ambayo hujamaliza hata mwezi ndani yake.

Chumba hicho kinatoka wapi? Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, vijana wengi wa huku kwetu wameelekeza macho huko, hasa wauguzi na wanaokwenda kwa mafunzo ya kazi. Kundi hili liulize mwajiri kwanza. Hospitali nyingi zina hosteli za wafanyakazi, na mwajiri anayemtoa mtu Kenya huwa anajua kwamba bila chumba mtu huyo hataanza kazi kwa wakati. Lakini ahadi ya ajenti wa Kisumu kwamba "makao yapo" haitoshi. Iwe kwenye mkataba wa kazi au barua ya mwajiri, na itaje chumba ni cha miezi mingapi, kodi ni kiasi gani, inakatwa kwenye mshahara au unailipa mwenyewe, kitanda na jiko vipo, na kwamba utajiandikisha hapo.

Mwanafunzi wa chuo kikuu aombe hosteli ya Studierendenwerk, shirika linaloendesha hosteli za wanafunzi, mara tu barua ya kukubaliwa inapofika, asingoje viza, kwa sababu foleni katika miji mikubwa huweza kumaliza muhula mzima. Akumbuke pia kwamba fedha za akaunti iliyozuiwa, yaani ile anayowekea fedha zake za kujikimu ili apewe viza, euro 11,904 kwa mwaka, hutoka kwa kipimo cha euro 992 kila mwezi. Chumba cha euro 600 kimeshakula zaidi ya nusu. Mji mdogo wenye chuo kizuri una faida ambayo orodha za vyuo bora hazionyeshi.

Waliobaki hutafuta kwenye tovuti kama WG-Gesucht, ambako watu hupangisha chumba kimoja katika nyumba ya kushiriki, au huachia chumba chao kwa miezi michache wakiwa safarini. Hapo uliza kama mwenye nyumba ameruhusu mpangaji mkuu kupangisha, kwa maana bila ruhusa hiyo nyote wawili mnaweza kujikuta nje.

Kwenye mitandao hiyo ndiko pesa za watu wetu hupotelea, na mbinu haibadiliki sana. Nyumba inapendeza, iko katikati ya Frankfurt au München, na kodi yake ni nusu ya zile za jirani. Ukiandika, anayejibu anasema yuko Uingereza au Uhispania kikazi, hawezi kuja kukuonyesha, ila atakutumia ufunguo kwa posta ukishalipa kodi ya mwezi mmoja na dipositi. Wengine hutuma kiungo kinachofanana na cha Airbnb ili uamini pesa zinashikiliwa na kampuni. Wengine huomba kwanza picha ya pasipoti, ambayo nayo ni mali, kwani itatumika kumtapeli mwingine kwa jina lako. Kilio cha "kuna watu watatu wanaitaka, tuma leo" unakijua tayari kutoka kwa maajenti wa huku, na dawa ni ileile: pesa haitoki kabla ya nyumba kuonekana kwa macho. Kama huwezi kufika, tuma mtu unayemwamini aingie ndani, afungue mfereji, asome jina lililo kwenye kengele ya mlango na alilinganishe na lililo kwenye mkataba. Nambari ya akaunti ya Ujerumani, yaani IBAN, huanza na herufi DE na ina herufi na tarakimu 22 kwa jumla. Hilo pekee halithibitishi uaminifu, lakini landilodi wa nyumba ya Köln anayetaka pesa kwa Western Union au kwenye akaunti ya nchi nyingine hana nyumba. Hosteli ya chuo au ya mwajiri huweza kudai malipo kabla hujafika, na hiyo ni sawa, mradi ankara imetoka kwa taasisi yenyewe na umeihakiki kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao rasmi, wala si kwa nambari iliyoandikwa kwenye ankara hiyohiyo.

Ukishakuwa kule, una anwani na umepokea mshahara wa miezi miwili mitatu, sasa ndio wakati wa kutafuta nyumba ya kudumu. Matangazo yao yana hesabu tofauti na yetu. Wajerumani huhesabu vyumba vyote isipokuwa jikoni, bafu na ukumbi mdogo wa mlangoni, kwa hiyo nyumba ya "2 Zimmer" ni sebule na chumba kimoja cha kulala. Anayetaka kile tunachokiita tuu-bedirumu atafute "3 Zimmer", la sivyo atawasili na watoto kwenye nyumba ambayo wangelala sebuleni.

Kisha kodi huandikwa mara mbili. Kaltmiete ni kodi ya nyumba tupu. Warmmiete ni hiyo kodi pamoja na makadirio ya maji, taka, usafi wa jengo na kwa kawaida joto la nyumba. Stima karibu kila mara haimo, wala intaneti. Chukua mfano: Kaltmiete euro 500, gharama nyingine 150, Warmmiete 650. Dipositi kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi mitatu, kwa hiyo hapa ni euro 1,500, ambazo ukikadiria euro moja kwa shilingi 150 ni shilingi 225,000. Sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu yaliyo sawa, la kwanza upangaji unapoanza na mengine pamoja na kodi ya miezi miwili inayofuata. Maana yake mwezi wa kwanza utatoa 650 na 500, yaani euro 1,150, na vivyo hivyo wa pili na wa tatu. Landilodi wengi hawakwambii habari ya mafungu. Mwambie wewe, kwa adabu, kwa maandishi. Anapaswa pia kuiweka dipositi mbali na mali yake mwenyewe, kwenye akaunti yenye riba, na riba hiyo ni yako.

Huku ajenti hukutoza ada ya kukuonyesha nyumba hata usipoipenda. Kule haruhusiwi, na tangu tarehe 1 Juni 2015 aliyemwagiza ajenti wa nyumba ya kupanga ndiye anayemlipa. Kama ajenti aliwekwa na landilodi, usimpe hata senti.

Tafuta pia herufi EBK kwenye tangazo. Zinamaanisha jikoni ina vifaa vyake tayari. Zisipokuwepo, huenda ukakabidhiwa chumba chenye mabomba yanayochungulia ukutani, bila sinki, bila jiko, bila kabati, na darini nyaya tu zinazoning'inia mahali pa taa. Hiyo si nyumba mbovu, ndiyo desturi yao. Mara nyingi mpangaji anayeondoka hukuuzia jikoni yake, na bei hujadiliwa kabla ya kutia sahihi, wala si baada.

Faili ya maombi iandae mapema katika PDF moja: nakala ya kitambulisho na kibali cha ukaaji, mkataba wa kazi, karatasi za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, barua ya landilodi wa sasa inayosema huna deni la kodi, na taarifa ya Schufa. Schufa ni kampuni inayotunza rekodi za madeni, kama CRB za kwetu. Mgeni aliyefika juzi hana rekodi, na kutokuwa na rekodi si rekodi mbaya. Lieleze hilo kwenye barua yako fupi ya Kijerumani, na kama mwajiri anaweza kuandika kwamba kazi yako ni ya kudumu, barua hiyo ina uzito mkubwa. Kwenye kutazama nyumba fika dakika tano kabla. Ukichelewa robo saa, umekwisha kujiondoa.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo usiwe na haraka. Mnapita chumba kwa chumba na kujaza fomu ya makabidhiano: mikwaruzo ya sakafu, tundu la msumari, kigae kilichopasuka, idadi ya funguo, na namba za mita za stima, maji na joto. Piga picha kila mita na kila doa, hata ndani ya kabati na chini ya sinki. Fomu hiyo ndiyo itakayoamua dipositi yako miaka mitano baadaye. Kama nyumba ulipewa bila kupakwa rangi, iandikwe hivyo. Mahakama ya juu ya shirikisho iliamua Machi 2015 kwamba mpangaji aliyepewa nyumba isiyokarabatiwa, bila kufidiwa ipasavyo, hawezi kufungwa na kifungu cha mkataba kinachomtaka aipake rangi.

Siku hiyohiyo bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua na kwenye kengele. Ni jambo dogo na watu hulisahau. Mpeleka barua wa kule hafuati nambari ya nyumba ya ndani, hufuata jina. Jina lisipokuwepo, barua ya nambari ya ushuru, kadi ya benki na kadi ya bima ya afya hurudishwa zilikotoka, nawe unabaki ukilaumu ofisi. Kama unaishi kwenye nyumba ya mtu mwingine, mwambie anwani iandikwe "c/o" na jina lake.

Sasa unyevu, ambao hula dipositi za watu wa kwetu bila wao kujua kosa liko wapi. Nyumba za Kisumu na Nakuru zinapumua. Juu ya dirisha kuna matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani na hayafungwi, chini ya mlango kuna pengo, na hata Nakuru kukiwa na baridi ya Julai, mvuke wa ugali na wa maji ya kuoga hutoka wenyewe. Dirisha la Ujerumani lina vioo viwili au vitatu na mpira kila upande, na ukilifunga, limefunga. Chemsha githeri saa mbili, oga maji moto mlango wa bafu ukiwa wazi, anika nguo sebuleni kwa kuwa nje kuna theluji, kisha lala humo usiku kucha ukipumua. Maji yote hayo yako hewani. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na ikigusa mahali baridi, yaani kona ya ukuta wa nje, pembeni mwa dirisha, nyuma ya kabati lililosukumwa mpaka ukutani, mvuke hugeuka maji. Baada ya siku kadhaa vidoti vyeusi vya kuvu hujitokeza. Landilodi atasema umevileta wewe.

Zuia hivi. Asubuhi, jioni, na kila ukimaliza kupika au kuoga, fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika tano hadi kumi, ikiwezekana ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, ukiwa umezima vipasha joto kwa muda huo. Kisha funga na uwashe tena. Usiliache dirisha limeinamishwa kutwa nzima wakati wa baridi. Hewa haibadiliki vya kutosha, ukuta unaolizunguka unapoa, na kuvu huota papo hapo huku bili ya joto ikipanda. Kifundo cha kipasha joto kina namba 1 hadi 5, ambapo 3 ni kama digrii 20. Kukizungusha hadi 5 hakuharakishi joto, kunaweka tu lengo la juu zaidi. Usikizime kabisa ukienda kazini ili kuokoa pesa, kwa sababu ukuta uliopoa ndio unaokusanya maji. Acha nafasi ya sentimita chache kati ya kabati na ukuta wa nje, funga mlango wa jikoni unapopika, na ununue kipima unyevu cha euro chache. Kikionyesha kati ya asilimia 40 na 60 uko salama. Ukiona kuvu, piga picha na umwandikie landilodi siku hiyohiyo. Ukinyamaza miezi miwili, hata kama tatizo ni la jengo, umedhoofisha hoja yako.

Bili nazo zina mshangao wake. Huku unanunua tokeni za stima, zikiisha unajua. Kule unafunga mkataba na kampuni, unalipa makadirio kila mwezi, na mwisho wa mwaka hesabu kamili inaletwa. Usipochagua kampuni, stima haikatwi, unaangukia kwa msambazaji wa msingi wa eneo lako, ambaye mara nyingi ni ghali. Hesabu ya maji na joto humfikia mpangaji ndani ya miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Ikichelewa zaidi ya hapo bila sababu inayomwondolea landilodi lawama, hawezi kudai nyongeza, ila kama wewe ndiye uliyelipa zaidi, haki yako ya kurudishiwa inabaki. Kuna pia ada ya utangazaji ya redio na televisheni, iliyowekwa euro 18.36 kwa mwezi kuanzia Agosti 2021. Inatozwa kwa nyumba nzima, wala si kwa kila mtu, hata kama hamna televisheni. Mkishiriki nyumba, mmoja analipa na wengine wanamchangia. Barua yao ikija usiitupe.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, soma sehemu ya kuhama. Kwa mkataba wa kawaida usio na mwisho, notisi ya mpangaji ni miezi mitatu, na ili mwezi huu uhesabiwe lazima barua imfikie landilodi kabla ya siku ya tatu ya kazi kwisha. Lazima iwe karatasi yenye sahihi ya mkono. WhatsApp na barua pepe hazihesabiki, hata akijibu "sawa". Itume kwa posta ya rejista au uipeleke ukiwa na shahidi. Mkataba wenye tarehe ya mwisho hauvunjwi kwa notisi ya kawaida, na baadhi ya mikataba isiyo na mwisho ina kifungu kinachozuia kuhama kwa muda, ambao unaweza kufika miaka minne. Muuguzi asiyejua kama atabaki mji huo baada ya mitihani ya kutambuliwa vyeti vyake asitie sahihi kifungu kama hicho.

Ukihama, dipositi hairudi siku ya ufunguo. Landilodi hupewa muda wa kukagua, kwa kawaida hadi miezi sita, na anaweza kubakisha sehemu ndogo akisubiri hesabu ya joto ya mwaka huo. Kwa hiyo anayerudi Kenya asifunge akaunti yake ya benki ya kule kabla pesa hizo hazijaingia, na amwachie landilodi anwani inayofanya kazi pamoja na nambari ya IBAN kwa maandishi. Ajiondoe pia kwenye ofisi ya wakazi, kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka na si zaidi ya wiki mbili baada yake, kisha atume nakala ya cheti hicho kwa ofisi ya ada ya utangazaji na kuomba kufutwa, kwa sababu wasipopata ombi lake wataendelea kumdai.